Jasho au Moyo? Shajara ya Pesimeka Inayosikiliza Neva, Tanga

Tunachojenga ni pesimeka ya mezani, ile ambayo wengi huiita betri ya moyo, lakini hii haigusi moyo wa mtu. Inapanga kasi ya mapigo kwa kusikiliza neva. Ishara inachukuliwa juu ya ngozi ya kifua kwa elektrodi za kawaida za ECG (kipimo cha umeme wa moyo), inapita kwenye amplifaya na machujio, kisha programu inaamua "moyo" wetu upigwe mara ngapi kwa dakika. Moyo wenyewe ni rezista ya omu 500, kipimo kinachotumika kupimia pesimeka. Karakana ni chumba kimoja mtaa wa Ngamiani. Elektrodi tunabandikana wanakikundi wenyewe. Mgonjwa hapimwi hapa: utafiti kwa mgonjwa hauanzi bila kibali cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa), na kuweka pesimeka halisi ni kazi ya madaktari bingwa, kama wale wa JKCI (Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete), Dar es Salaam.

Februari, wiki ya 1: kwa nini neva

Moyo uliokatwa neva zote haulali. Hupiga karibu mara 100 kwa dakika, na ndivyo ilivyo kwa watu waliopandikizwa moyo wa mtu mwingine. Mapigo 60 au 70 tunayoyaona mtu akiwa ametulia ni kazi ya neva ya vegasi, ambayo ni breki. Neva za simpathetiki ndizo zinazoongeza mwendo. Breki hushika haraka, ndani ya pigo moja au mawili. Simpathetiki huchelewa: sekunde 2 hadi 5 kabla moyo haujaanza kubadilika, na nusu dakika hivi kabla haujafika kilele. Tofauti hii ya muda ndiyo itakayotutumikisha miezi yote ijayo.

Pesimeka nyingi za leo zinazobadili kasi hutumia kihisi mwendo. Kinafaa kwa anayetembea. Mwendesha baiskeli, na Tanga ni mji wa baiskeli, anakanyaga kwa nguvu huku kifua kimetulia, kwa hiyo kihisi kinaona kazi ndogo kuliko ilivyo. Abiria aliyekaa tu ndani ya gari kwenye barabara mbovu anatikiswa, na kihisi kinadhani anakimbia. Aliyepata habari ya msiba hatikisiki hata kidogo, ilhali mwili wake unahitaji mapigo zaidi. Neva inajua habari zote tatu.

Wazo si letu. Miaka ya 1990 Kenji Sunagawa na wenzake huko Japani walionyesha kwa sungura kwamba ishara ya neva ya simpathetiki, ikipitishwa kwenye hesabu sahihi, inatoa kasi inayofuatana na ile ya moyo wenyewe. Kilichotufungulia mlango sisi tusio na chumba cha upasuaji ni kazi ya Peng-Sheng Chen na wenzake Marekani: neva za simpathetiki zinasikika juu ya ngozi, kwa elektrodi zilezile za ECG, ukitupa kila kilicho chini ya hezi 500 na kubakiza kati ya hezi 500 na 1,000. Fundo la neva la stelate, chini ya shingo, linapeleka nyuzi kwenye moyo na pia kwenye ngozi ya kifua cha juu na mkono.

Februari, wiki ya 2: amplifaya

Ishara tunayoitafuta ni ya mikrovolti moja au chache. QRS ya ECG, yaani mwinuko mkubwa wa kila pigo, ni milivolti 1, mara elfu moja zaidi. Ukikuza kwanza ndipo uchuje, ECG itajaza amplifaya na neva hutaiona. Kwa hiyo hatua ya kwanza inakuza kidogo, machujio yanafuata, na ukuzaji mkubwa unakuja mwisho.

Hatua ya kwanza ni amplifaya ya AD620 yenye ukuzaji wa mara 10. Kanuni yake ni kiloomu 49.4 gawa kwa (ukuzaji toa 1), kwa hiyo rezista ni kiloomu 5.49. Usizidishe hapo. Elektrodi mbili zinaweza kutofautiana hadi milivolti 300 za umeme tulivu (DC). Mara 10 ni volti 3, na betri mbili za volti 9 zinamudu. Mara 100 ingekuwa volti 30, yaani amplifaya imekwama ukutani na osiloskopu inaonyesha mstari mnyoofu. Mstari huo hudanganya, kwa sababu unafanana na ukimya mzuri.

Baada ya hapo kuna chujio la ngazi nne linalokata chini ya hezi 500, kwa amplifaya za TL072. Rezista za kiloomu 33 na kapasita za nanofaradi 10 zinatoa hezi 482, nasi tumeridhika. Ngazi nne si anasa: wimbi la hezi 40, ambalo chini yake sehemu kubwa ya QRS inakaa, linapungua mara 21,000 hivi, na milivolti 1 inabaki sehemu ndogo tu ya mikrovolti. Ngazi mbili zingeacha mikrovolti 7 hivi, na kila pigo la moyo lingehesabiwa kuwa neva. Kisha ukuzaji mwingine wa mara 1,000, chujio la kukata juu ya hezi 1,000 (kiloomu 16, nanofaradi 10), na kigeuzi cha MCP3208 kinasoma sampuli 10,000 kwa sekunde kwenda kwenye bodi ndogo ya kompyuta, Teensy 4.1. Mikrovolti 1 inafika ikiwa milivolti 10. Hatua moja ya kigeuzi ni milivolti 0.8. Inatosha.

Kapasita za machujio ziwe za filamu. Zile ndogo za kauri za bei rahisi hubadilika kwa joto na kwa volti, na jozi mbili zisizolingana hulegeza mteremko wa chujio.

Februari, wiki ya 3: kelele

Umeme wa hezi 50 wenyewe hautusumbui tena, chujio limeupunguza mara 8,600 hivi. Wanaotusumbua ni watoto wake: hezi 550, 650, 750 na kuendelea, ambao wanaingia katikati kabisa ya dirisha letu. Mzalishaji mkuu ni regyuleta ya feni ya dari. Ile ya kielektroniki inakata wimbi la umeme vipande, na kila mkato unamwaga masafa hadi maelfu. Ukifungua feni mpaka mwisho kelele hupungua, ukiizungusha nusu huongezeka. Taa za LED za bei ndogo ni za pili, chaja ya kompyuta ni ya tatu.

Suluhisho: wakati wa kupima, swichi kuu ya chumba inazimwa. Kompyuta inatumia betri yake, na hilo ni la usalama kwanza kabla ya usafi wa ishara: mtu aliyebandikwa elektrodi asiwe na njia yoyote ya waya kwenda ukutani. Waya za elektrodi ni za wavu, zimesokotwa pamoja, sentimita 60, hazizidi. Simu ziwe kwenye hali ya ndege.

Kuzima feni Tanga mwezi wa Februari, kaskazi ikivuma na joto likiwa juu ya nyuzi 30, kuna gharama yake. Gharama hiyo tulikuja kuielewa mwezi uliofuata.

Machi, wiki ya 1: ngozi

AD620 kwa ukuzaji wa mara 10 ina kelele yake ya nanovolti 11.5 kwa kila kipeuo cha pili cha hezi, yaani mikrovolti 0.26 katika dirisha letu la hezi 500. Hiyo haipungui. Kinachopungua ni ile ya ngozi. Elektrodi mbili zenye kiloomu 10 kila moja zinaongeza mikrovolti 0.41; zikishuka hadi kiloomu 2 zinaongeza 0.18 tu. Hakuna kifaa unachoweza kununua kikakupa faida kama hiyo. Kinachohitajika ni kusugua.

Utaratibu wetu: nyoa kama pana nywele, osha kwa sabuni na maji, kausha, sugua mara 5 kwa msasa laini kabisa au kitambaa kikavu cha gozi mpaka ngozi iwe na wekundu kidogo lakini isichubuke, pitisha spiriti, subiri ikauke kabisa, bandika. Ngoja dakika 10 jeli iingie. Elektrodi moja chini ya mtulinga wa kulia, ya pili chini ya mtulinga wa kushoto, ya tatu, ya marejeo, ubavuni chini. Pima ukinzani, juu ya kiloomu 5 rudia.

Kosa la kawaida zaidi ni misuli. Umeme wa misuli mwingi uko chini ya hezi 500, ila mkia wake unavuka. Tunamwambia mtu alale chali, mito chini ya viwiko, taya zilegee. Kisha tunamwomba ainue mkono wa kulia kidogo kwa makusudi na kuhifadhi picha hiyo. Misuli huanza na kukoma ghafla kama mlango. Mlipuko wa neva hupanda na kushuka kama wimbi kwa sekunde kadhaa.

Jaribio la kuthibitisha ni barafu: mkono hadi kifundo ndani ya maji ya barafu, dakika 2. Barafu ya samaki inafaa, na mwenye shinikizo la damu la juu asifanyiwe jaribio hili. Mlipuko wa neva ukitangulia na mapigo yakafuata baada ya sekunde chache, mfumo unasikia.

Machi, wiki ya 3: jasho

Hapa ndipo mradi ulipopata swali lake la kweli. Mtu amelala, hana wasiwasi, mapigo hayapandi, lakini neva inapiga mlipuko mmoja baada ya mwingine. Amplifaya haina kosa. Neva nayo haina kosa. Neva za simpathetiki za ngozi ndizo zinazoamuru tezi za jasho, na chumba kisicho na feni wakati wa kaskazi kinazifanya ziseme bila kupumzika. Kwenye nchi ya baridi, ndani ya maabara yenye kiyoyozi, sauti ya jasho ni ndogo na mtafiti anaweza kuipuuza. Hapa pwani ndiyo kubwa kuliko zote. Pesimeka ambayo haijui kutofautisha jasho na moyo ingempigisha mzee wa mtaa wa Chumbageni mapigo 110 akiwa amekaa barazani mchana.

Tumeongeza chaneli ya pili: upitishaji wa umeme wa ngozi. Elektrodi mbili ndogo karibu na zile za kifua, volti 0.5 kati yake, tunasoma mkondo. Jasho hupanda kwenye kinyweleo sekunde 1 hadi 3 baada ya neva kuamuru. Kanuni yetu ya kwanza basi: mlipuko unaofuatwa na kupanda kwa upitishaji ndani ya sekunde 3 ni wa jasho, unapewa uzito 0.2. Usiofuatwa na kitu unabaki na uzito 1.

Kanuni hii ina tundu. Ngozi ikishaloa kabisa, tezi zimejaa, upitishaji unakaa juu na hauonyeshi tena mabadiliko. Milipuko ya jasho inapita ikiwa na uzito kamili. Kufuta kwa taulo kunasaidia dakika chache. Kwa hiyo programu sasa inaangalia pia: ikiwa upitishaji uko juu na umetulia kwa dakika 2, inajitangazia kwamba haiwezi kuamua, na inarudi kwenye kasi ya msingi, 60. Kati ya kukosea kwa kukimbia na kukosea kwa kutulia, tumechagua kutulia.

Aprili: hesabu, na masika

Kila milisekunde 100 programu inachukua wastani wa ukubwa wa ishara. Inatoa msingi, ambao ni kiwango cha chini kilichodumu ndani ya dakika 5 zilizopita. Inachelewesha sekunde 2. Kisha inalainisha: thamani mpya ni ya zamani kujumlisha tofauti mara 0.01, ambayo ni sawa na muda wa sekunde 10 wa kupanda. Kwa kushuka ni 0.005, sekunde 20, kwa kuwa moyo huachia simpathetiki polepole kuliko unavyoipokea. Matokeo yanazidishwa kwa kigezo cha mtu husika, yanaongezwa juu ya 60, na hayaruhusiwi kuvuka 120.

Tulijaribu kuondoa ulainishaji ili mfumo uwe mwepesi. Usifanye. Neva hupiga kwa mafungu, na kasi ikiyafuata mafungu moja kwa moja inayumba 70, 95, 74, 100, kitu ambacho moyo wenye neva zake haufanyi.

Kinga ya mwisho haiko kwenye programu. Ni CD4538, IC ya kupima muda, iliyowekwa kati ya Teensy na pato, ikikataa pigo lolote linalokuja mapema mno. Muda wake ni rezista (R) mara kapasita (C). Tuliweka megaomu 4.7 na nanofaradi 100, milisekunde 470, yaani mapigo 127 kwa dakika hata programu iwe imerukwa na akili. Mvua za masika zilipoanza, muda ulishuka hadi 440. Unyevu wenye chumvi ya bahari umetanda juu ya bodi na kutengeneza rezista yake sambamba na yetu. Megaomu 70 tu za uchafu zinatosha kufanya hivyo. Tumebadilisha: kiloomu 470 na mikrofaradi 1 ya filamu, muda uleule, lakini sasa uchafu huohuo unabadilisha chini ya asilimia 1. Bodi imesafishwa kwa spiriti na mswaki, ikakaushwa, ikapakwa vanishi. Ukijenga chochote chenye megaomu kando ya bahari, anza na vanishi.

Mei: kukimbia mbio

Sasa pesimeka na sikio lake, yaani amplifaya na machujio, vimewekwa pamoja kwenye beseni. Maji ya kupimia ni lita 10 zenye gramu 18 za chumvi, gramu 1.8 kwa lita, yanayokaribia upitishaji wa kifua. Maji ya chumvi ya hospitali ya gramu 9 hupitisha umeme kupita kiasi, ya bahari ndiyo kabisa hayafai. Tumia maji yaliyotoneshwa, yale ya kuongezea betri za gari, wala si asidi. Neva ya bandia ni rekodi ya mwezi Machi inayochezwa na simu, ikipunguzwa mara milioni kwa ngazi mbili za kiloomu 10 na omu 10.

Pigo letu ni volti 2.5 kwa milisekunde 0.4. Kwenye omu 500 hiyo ni miliampea 5 na mikrojouli 5. Ni kidogo kwa moyo, lakini kwa sikio linalotafuta mikrovolti 1 ni radi. Mara ya kwanza kuunganisha, kasi ilipanda 60, 72, 90, hadi ikagonga 120 na kubaki hapo huku neva ya bandia ikiwa imezimwa. Kila pigo liliacha mwangwi kwenye chujio, mwangwi ukahesabiwa kuwa neva, neva ikadai mapigo zaidi, mapigo yakaleta mwangwi zaidi. Duara kamili. Kwa mgonjwa hilo ndilo jambo la kutisha kuliko yote yaliyomo kwenye shajara hii.

Tiba ni kufumba sikio. Mwangwi wa chujio letu hufa kwa milisekunde 10 hivi, lakini kuna mlio wa pili: kapasita ya pato ya mikrofaradi 10 lazima irudishe chaji yake, la sivyo umeme tulivu utaila elektrodi, na mwanzo wa kurudisha unasikika kama pigo jingine dogo. Tumeuanzisha milisekunde 1 baada ya pigo ili milio yote miwili iangukie ndani ya kipindi kimoja, na sikio linafumbwa milisekunde 30. Kwa mapigo 120 tunapoteza asilimia 6 ya muda wa kusikiliza. Sampuli zilizofumbwa zisijazwe sifuri, kwa sababu wastani utashuka kila kasi inapopanda. Rudia thamani iliyotangulia. Neva ikizimwa, kasi sasa inarudi 60 na kukaa.

Juni: breki

Vegasi hatuipati kwenye ngozi. Iko ndani ya shingo kandokando ya mshipa mkubwa wa damu, na nyuzi zake nyingi hupeleka habari kwenye ubongo badala ya kuleta amri. Alama yake ya wazi ni pumzi: ukivuta mapigo huongezeka, ukitoa hupungua. Mwaka 2022 watafiti wa Auckland walichapisha kazi yao ya kondoo wenye moyo dhaifu, waliopewa pesimeka inayofuata pumzi. Moyo ulisukuma damu asilimia 20 zaidi kuliko kwa pesimeka ya mwendo mmoja. Matokeo hayo yametushawishi tusiache breki nje.

Themista (kihisi joto) puani ilitushinda. Hewa inayotoka puani ni nyuzi 34 hivi, ya chumbani 31, tofauti inabaki nyuzi 3 na pumzi ndogo hazionekani. Badala yake tumechukua mfuko wa ndani wa kifaa cha kupimia presha cha mtoto, umefungwa kifuani kwa kanga, umejazwa hadi kilopaskali 1, na kihisi MPX5010 kinatoa milivolti 450 kwa kila kilopaskali. Programu inaongeza mapigo 5 wakati wa kuvuta na kupunguza 5 wakati wa kutoa pumzi, papo hapo, bila ucheleweshaji wa simpathetiki.

Julai: kusi

Kusi imetulia, asubuhi ni ya baridi kwa viwango vyetu, feni hazihitajiki. Chaneli ya jasho karibu iko kimya na kifua kinaeleweka bila uzito wowote. Hatuchukulii huo kuwa ushindi. Mtu anaishi mwaka mzima. Rekodi za sasa tunazihifadhi ziwe kipimo cha kulinganishia kaskazi ijayo.

Kilichobaki kigumu ni betri. Betri ya pesimeka ya ampea-saa 1 ikitumia mikroampea 10 hudumu miaka 11. AD620 peke yake hula miliampea 0.9 na kuimaliza kwa siku 46. Kusikiliza sekunde 1 kati ya 10 kunafikisha siku 460, na bado haitoshi. Amplifaya tulivu zaidi hudai mkondo mkubwa zaidi, hilo ni la maumbile ya transista. Njia inayobaki ni kusogeza elektrodi karibu na neva ili ishara iwe kubwa na amplifaya iruhusiwe kuwa na kelele, na hiyo si kazi ya meza yetu. Wiki ijayo tunaweka jozi ya pili ya elektrodi pajani, mbali na fundo la stelate: linalosikika pajani na kifuani kwa wakati mmoja litahesabiwa jasho.